Kiuno kinaachia: mazoezi mepesi yanakiimarisha kweli au ndiyo nakimaliza?

#1 Fundi wa Tandika
Habari za usiku wakuu.

Mimi ni fundi cherehani, miaka 36, watoto wawili. Kazi yangu kubwa ni sare za shule, kwa hiyo kuanzia Novemba mpaka Januari nakalia stuli isiyo na pa kuegemea tangu saa 2 asubuhi hadi saa 3 usiku. Wiki mbili zilizopita bobini ilinidondoka ikabingirika chini ya meza. Nikainama kuiokota. Kitu chenyewe hakifiki hata uzito wa kijiko cha chai. Kiuno kikaachia. Hakikulia, hakikuchoma, kiliachia tu kama fundo lililofunguka. Nikabaki nimeng'ang'ania mguu wa meza, nusu nimeinama nusu nimechuchumaa, huku mteja ananiuliza kama sare ya mwanawe itakuwa tayari kesho.

Hospitali nimekwenda. Eksirei haikuonyesha tatizo, nikapewa vidonge vya maumivu, nikaambiwa "kiuno chako dhaifu, fanya mazoezi". Yapi? Hakuna aliyenionyesha hata moja. Shoga yangu anasema nikifanya mazoezi ndiyo nakimaliza, nilale sakafuni wiki mbili. Kaka yangu anasema niingie jimu nikanyanyue vyuma.

Kuna humu aliyekuwa na kiuno dhaifu akakiimarisha pole pole mpaka kikawa kiuno cha kazi? Alianzaje? Na kwa nini kilidhoofika, maana mimi bado si mzee.

#2 Pikipiki Nyekundu
Pole dada. Dawa ni mkanda. Mimi boda mwaka wa tisa sasa, Kimara mpaka Mbezi na huko ndani ndani ambako barabara ni makorongo. Kiuno kilinisumbua nikanunua mkanda, tangu hapo naufunga kila nikitoka. Nikiuvua najiona kama suruali isiyo na lastiki.

#3 Mjukuu wa Pwani
Huo si udhaifu dada yangu. Kwetu Mkuranga kiuno kikimkamata mtu ghafla namna hiyo tunaangalia mawili, ngiri au figo. Tafuta bibi anayejua kuchua, mafuta ya nazi yenye uvuguvugu, siku 3 mfululizo, halafu urudi hapa utuambie.

#4 Kivuko Asubuhi
Natandika mkeka hapa. Na mimi kiuno.

#5 Mama Wawili
Fundi, samahani kwa kuuliza, watoto ulijifungua kawaida au kwa upasuaji?

#6 Fundi wa Tandika
Wa kwanza kawaida, wa pili upasuaji, mwaka wa nne huu.

#7 Mama Wawili
Basi usihangaike kutafuta. Ni ile sindano ya ganzi ya mgongo. Mimi tangu nichomwe mwaka 2017 sijawahi kumaliza beseni la nguo bila kusimama kujinyoosha. Tuliolazwa wodi moja tulifungua kundi la WhatsApp, na humo kila mtu analia kiuno.

#8 Fizio Kijana
Dada Fundi, pole. Ni mtaalamu wa tiba ya viungo, nafanya kazi hapa Dar. Siwezi kukutibu nikiwa sijakuona, ila nitakwambia ninachomwambia kila anayekuja na maelezo kama yako.

Kabla ya zoezi lolote jiulize: una ganzi sehemu za siri au mapaja kwa ndani? Mkojo au haja kubwa inatoka bila kujua, au mkojo hautoki? Mguu unakosa nguvu? Una homa, jasho la usiku, umepungua bila sababu? Jibu likiwa ndiyo hata kwa moja, acha uzi huu nenda hospitali usiku huu huu.

Kama yote ni hapana, usilale wiki mbili. Ushauri huo zamani hata sisi watu wa hospitali tuliutoa. Mwaka 1986 watafiti wa Marekani walilinganisha walioambiwa walale siku 2 na walioambiwa walale siku 7. Wa siku 7 hawakupona vizuri zaidi, walichopata ni kukosa kazi siku nyingi zaidi.

Mazoezi naanza na matatu. Mengi ya haya yameenezwa na Stuart McGill, profesa wa Kanada aliyechunguza uti wa mgongo miaka mingi pale Chuo Kikuu cha Waterloo. Hoja yake ni kwamba kiuno kinahitaji kustahimili muda mrefu kuliko kinavyohitaji nguvu nyingi za mara moja.

La kwanza, piga magoti manne juu ya mkeka. Viganja chini ya mabega, magoti chini ya nyonga. Kaza tumbo kidogo kama mtu anayejua anatekenywa sasa hivi. Nyoosha mkono wa kulia mbele na mguu wa kushoto nyuma, usipitishe usawa wa mgongo. Hesabu mpaka 10 huku unapumua, rudisha, badilisha upande. Kama mkono na mguu kwa pamoja ni vigumu, anza na mkono peke yake, kisha mguu peke yake. Mimi huwaweka watu kikombe cha plastiki chenye maji pale juu ya kiuno. Kikianguka, umezungusha nyonga.

La pili, lala ubavu, egemea kiwiko, magoti yamekunjwa, inua nyonga. Ukishindwa, simama uegemee ukuta kwa kiwiko ufanye hivyo hivyo. La tatu, lala chali, goti moja limekunjwa, viganja vyote viwili chini ya kiuno ili kisilale bapa, inua kichwa na mabega kiasi cha karatasi kupita chini yake. Kiasi hicho tu.

Fanya mara 6, pumzika, mara 4, pumzika, mara 2. Umemaliza. Ukisikia maumivu yanateremka mguuni, punguza au acha. Kuchoka kwa misuli ni sawa.

#9 Kocha wa Ufukweni
Fizio umefundisha vizuri lakini umembembeleza mno. Kiuno kina pingili 7 na zote zinategemea misuli, misuli haikui kwa kuhesabu mpaka 10. Mimi nafundisha watu Coco Beach kila Jumamosi asubuhi. Planki dakika 3, yaani unajishikilia kifudifudi kwa viwiko na vidole vya miguu, na kunyanyua chuma kutoka chini, uzito ukipanda kila wiki. Mwanamke anayebeba ndoo ya lita 20 kichwani anaogopa chuma cha kilo 15 kwa nini?

#10 Mwalimu wa Baiolojia
Kocha, pingili 7 ni za shingo. Kifuani ni 12, kiunoni ni 5. Nasahihisha kwa sababu wanafunzi wangu wapo humu na mtihani uko karibu.

#11 Kocha wa Ufukweni
Sawa mwalimu, nimekubali 5. Misuli yake bado inahitaji uzito.

#12 Mbeba Magunia
Nasoma haya maelezo ya udhaifu nashindwa kuelewa. Mimi nashusha mizigo Kariakoo tangu 2009. Gunia la kilo 100 tunalibeba, mgongo wangu ukiushika ni kama ubao wa mninga. Na kiuno kinaniuma kuliko nyinyi wote. Sasa mimi nina udhaifu gani? Mazoezi nimefanya maisha yangu yote na nikalipwa.

#13 Dada wa Kaunta
@Mbeba Magunia na mimi niko upande wa pili wako. Nakaa ofisini kwenye kiti chenye vyuma vya kurekebisha kila mahali, sibebi kitu kizito kuliko mkoba, na kiuno kinaniuma vile vile. Kwa hiyo anayebeba anaumwa, anayekaa anaumwa, anayeendesha boda anaumwa. Fizio tufafanulie.

#14 Fizio Kijana
Mbeba Magunia, swali lako ni zuri na sitalijibu kwa ujanja. Kuna misuli mikubwa inayonyanyua, hiyo unayo. Kuna mingine midogo iliyo chini kabisa, inayoshikilia pingili moja moja. Mtu akipata maumivu ya kwanza, ile midogo mara nyingi hupungua na hairudi yenyewe hata maumivu yakiisha. Lakini wewe nadhani tatizo ni kutopumzika. Msuli unajengeka baada ya kazi, na kazi yako haina baada. Huyo wa kaunta yeye hana kazi kabisa kwenye kiuno. Mmoja amezidisha, mwingine amepunguza.

Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya kiuno. Ingekuwa sababu ni moja, ingeshajulikana.

Kocha, sipingi chuma. Napinga kuanzia huko. Mtu ambaye kiuno kiliachia kwa bobini wiki mbili zilizopita, chuma kitamsubiri.

@Pikipiki Nyekundu, shirika hilo hilo lilitoa mwongozo Desemba 2023 kuhusu maumivu ya kiuno ya muda mrefu. Mazoezi yamependekezwa. Mikanda haikupendekezwa.

#15 Pikipiki Nyekundu
Walioandika huo mwongozo waje nipande nao Kimara Korogwe mvua ikinyesha, halafu waniambie nivue mkanda.

#16 Kivuko Asubuhi
Hahaha boda umewabeba wote bila kofia ngumu.

#17 Mkunga Mstaafu
Wanangu hamjambo. Nimefanya kazi wodi za wazazi miaka 31, nimestaafu niko Segerea.

Mama Wawili mwanangu, nakuelewa, na sidhani unanidanganya wala unajidanganya. Kiuno chako kinauma kweli. Lakini sindano hiyo inachomwa chini ya pale uti, ile kamba ya neva iliyo ndani ya pingili, unapoishia. Kwa mtu mzima uti huishia karibu na pingili ya 1 au ya 2 ya kiuno, sisi tunachoma chini zaidi. Pale ilipoingia panaweza kuuma siku kadhaa kama kidonda chochote, na wengine hupata kichwa kikali. Miaka saba? Hapana. Na waliojifungua kawaida bila sindano nao walikuja kliniki wakilia kiuno hivyo hivyo, ila wao hawana sindano ya kuisingizia, wanasema ni uzazi.

Ninachokiona ni hiki. Tumbo limebeba miezi 9, misuli ya mbele imetanuka mpaka katikati imeachana. Mama anatoka hospitali anafungwa khanga tumboni, hakuna anayemwambia arudishe nguvu ya tumbo. Halafu anainama kumwogesha mtoto, anainama kumbeba, ananyonyesha amejikunja saa nzima. Ukuta wa mbele wa nyumba umelegea, wa nyuma unashika peke yake. Dada Fundi, lala chali, inua kichwa kidogo, weka vidole juu ya kitovu. Ukisikia vidole viwili vitatu vinazama katikati, mwambie fizio wako, kwa sababu zile za kuinua kichwa na mabega unaweza kuzisubirisha kwanza.

#18 Mama Wawili
Shikamoo mama. Nimekusikia, na la tumbo nitalijaribu leo. Lakini ninyi hamkuchomwa, na mimi kiuno kilianza kuuma wiki ile ile.

#19 Mkunga Mstaafu
Marahaba mwanangu. Wiki ile ile ndiyo ulianza kuinama kumwogesha mtoto.

#20 Mjukuu wa Pwani
Naona mmeiacha ngiri.

#21 Mwalimu wa Baiolojia
Mjukuu wa Pwani, figo zikiuma kwa kawaida ni juu zaidi, chini ya mbavu ubavuni, mara nyingi na homa au mkojo unaouma. Kuinama na kuinuka hakubadilishi sana. Hiki cha Fundi kimefuata mwendo wa mwili. Ngiri ya kweli ni utumbo kusukuma ukuta wa tumbo, unaona uvimbe. Hakuna uvimbe hapa. Kuchua sikukatazi, kunatuliza.

Dada Fundi, jambo moja la kukusaidia kupanga muda: usiku ukilala, diski zilizo kati ya pingili hunyonya maji na kuvimba kidogo. Ndiyo sababu asubuhi mtu ni mrefu kwa sentimita 1 au zaidi kuliko jioni, na ndiyo sababu kuinama mara tu ukiamka ni kugumu. Ipe saa moja hivi kabla ya kuinama sana. Kufagia uwanja kwa ufagio wa chelewa saa 11 alfajiri, wengi wetu ndipo tunapojikamatia.

#22 Baba Salma
Mwalimu umenigusa. Mimi tabu yangu ni Alfajiri. Sijda naiweza, rukuu ndiyo inanikata. Nimeanza kuswali kwenye kiti na roho inaniuma, maana nina miaka 41 na pale msikitini wazee wa miaka 70 wamesimama.

#23 Fizio Kijana
Baba Salma, unainamia wapi? Unakunja mgongo au unakunja nyonga?

#24 Baba Salma
Sijawahi kujiuliza. Nimejiangalia kwenye kioo sasa hivi. Mgongo umepinda kama upinde, kichwa kinaning'inia.

Na hapo nimekumbuka kitu. Madrasa pale Magomeni ustadhi wetu alikuwa anapita na fimbo, anailaza mgongoni kwa kila mtoto aliye kwenye rukuu. Mgongo unyooke, anasema, hata mtu akimimina maji yatulie. Viganja vishike magoti, vidole vimeachana, viwiko mbali na mbavu. Sasa nasoma habari ya Fizio na kikombe cha maji juu ya kiuno, nikacheka peke yangu. Nimejaribu. Makalio nyuma, magoti nimeyashika kwa nguvu, mgongo bapa. Imeuma, lakini si ile ya kukata.

#25 Fizio Kijana
Hapo umefanya mwenyewe zoezi ambalo huwa linanichukua siku mbili kulifundisha. Viganja kwenye magoti vinabeba sehemu ya uzito. Kiti kitumie siku zinazokuzidi bila kujilaumu, huku unajenga. Ongeza kuinua nyonga ukiwa umelala chali, magoti yamekunjwa, makalio ukiyabana. Hilo tunaliita daraja. Rukuu nzuri inashikiliwa na makalio.

#26 Mzee wa Upanga
Vijana, mnazungumzia kukaza tu. Mimi nilitibiwa miaka ya 1990 kwa njia nyingine kabisa. Nililazwa kifudifudi, kwanza nimetulia tu, kisha nimeegemea viwiko, kisha nasukuma kwa mikono huku nyonga zimebaki chini. Mara 10, kila saa kadhaa. Maumivu yalikuwa yameteremka mpaka kwenye ndama ya mguu, yakawa yanapanda juu siku baada ya siku, mwisho yakabaki kiunoni, yakaisha. Njia hiyo ni ya Robin McKenzie wa Nyuzilandi. Mwaka 1956 mgonjwa wake mmoja alilala kifudifudi kwenye kitanda kilichokuwa kimeinuliwa upande mmoja, mgongo ukapinda kwa nyuma muda wa dakika kadhaa, na McKenzie alipoingia akamkuta anasema mguu haujawahi kuwa na nafuu kama hiyo tangu augue. Mimi kiuno changu hakikuwa dhaifu, kilikuwa kimekunjwa upande mmoja miaka yote.

Nasema huyu binti wa cherehani, anayekaa amejikunja saa 13, anahitaji kunyooshwa kwa nyuma kwanza.

#27 Kocha wa Ufukweni
Mzee shikamoo. Kwa hiyo wa Kanada anasema kaza, wa Nyuzilandi anasema nyoosha, mama mkunga anasema tumbo, na mimi nasema uzito.

#28 Pikipiki Nyekundu
Na mkanda.

#29 Mgongo wa Mwenge
Mimi nilipiga MRI, ile picha ya ndani ya mwili, ikaonekana diski mbili zimetokeza na zimechakaa. Tangu siku hiyo sinyanyui hata ndoo ya lita 10, sikimbii, mwanangu akitaka nimbebe nakataa. Wenye diski mbovu mazoezi haya yanatuhusu?

#30 Mwalimu wa Baiolojia
Kaka, soma hili polepole. Mwaka 2015 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya picha za watu wasio na maumivu yoyote ya mgongo. Wenye miaka 20, kama asilimia 37 walikuwa na diski zilizochakaa. Wenye miaka 80, asilimia 96. Hawa wote hawakuwa wanaumwa. Sisemi picha yako ni ya uongo. Nasema inaweza kuwa ni kama mvi, ipo lakini siyo inayokuuma.

#31 Mgongo wa Mwenge
Hili hakuna aliyeniambia. Miaka miwili sijambeba mtoto.

#32 Fizio Kijana
Mgongo wa Mwenge, tafuta mtaalamu akupime kwa mikono, siyo kwa picha peke yake. Kisha mtoto anza naye akiwa amesimama juu ya kochi, usimtoe sakafuni.

#33 Jasho la Usiku
Nimekuwa msomaji tu wa jukwaa hili. Leo nimejiunga kwa ajili ya uzi huu.

Dada Fundi, Fizio alikutajia homa, jasho na kupungua. Naomba wote wasipite juu yake. Mimi niliambiwa hivyo hivyo, kiuno dhaifu. Nikafanya mazoezi kwa bidii miezi minne, daraja, planki, kila kitu. Usiku nilikuwa nalowesha shuka nikasema ni joto la Dar. Suruali zikalegea nikasema mazoezi yanafanya kazi, hata wenzangu kazini walinisifu. Maumivu yalikuwa hayaachi, nikilala yapo, nikikaa yapo. Mwisho miguu ikaanza kuwa mizito. Ikaonekana ni kifua kikuu, kimeingia kwenye pingili. Sikuwa na kikohozi hata kimoja.

Dawa ni bure, nilimeza miezi 12. Sasa hivi natembea, na ndiyo kwanza mazoezi haya yananisaidia kweli. Lakini pingili moja imebaki imeinama na urefu wangu umepungua. Ile miezi minne ndiyo inaniuma.

#34 Mkunga Mstaafu
Pole sana mwanangu. Umefanya vema kusema.

#35 Fundi wa Tandika
Jasho la Usiku, ahsante. Nimejikagua, sina hayo yote, uzito ni ule ule. Nimejipima vidole tumboni kama mama alivyosema, vinazama viwili. Nimeanza na lile la magoti manne na daraja, zile za kuinua kichwa nimeacha kwanza.

#36 Konda Mstaafu
Wote mmesahau kutembea. Nilikuwa konda wa daladala Gongo la Mboto miaka 14, nasimama mlangoni nimepinda upande mmoja, kiuno kikaisha. Nikajiunga na klabu ya jogingi Mbagala. Mwanzoni nilikuwa natembea nyuma kabisa na akina mama, wenzangu wanaimba huko mbele, mimi najikokota. Miezi minne baadaye nikawa naimba mimi. Sijawahi kupiga magoti manne popote.

#37 Dada wa Kaunta
Konda ana hoja. Nilisoma utafiti wa Australia uliotoka 2024 kwenye jarida la Lancet, watu 701 waliopona maumivu ya kiuno. Nusu wakawekewa mpango wa kutembea, wakipanda taratibu mpaka dakika 30 mara 5 kwa wiki, pamoja na kuelimishwa. Kundi la kutembea lilikaa siku 208 kabla maumivu hayajarudi, lile lingine siku 112, kwa kipimo cha kati. Kutembea tu. Mimi nikaanza kushuka kituo kimoja kabla, natembea kumalizia.

#38 Kivuko Asubuhi
Kushuka kituo kimoja kabla kwenye mwendokasi? Mimi nikishapata pa kusimama mle ndani sishuki mpaka Kivukoni, kurudi ndani haiwezekani.

#39 Konda Mstaafu
Enzi zetu tungekupangia siti.

#40 Kivuko Asubuhi
Enzi zenu mlitubana watano siti ya nyuma, ndiyo chanzo cha kiuno changu.

#41 Shuka Jeupe
Hakuna aliyeuliza godoro. Dada Fundi, godoro lako lina miaka mingapi? Likishatoa bonde katikati, mazoezi unayajenga jioni usiku yanabomoka.

#42 Pikipiki Nyekundu
Na shoga yake anasema alale sakafuni, hapo hakuna bonde.

#43 Shuka Jeupe
Sakafu pia siyo. Lancet hilo hilo, mwaka 2003, Uhispania, watu 313 wenye maumivu ya muda mrefu. Waliopewa godoro gumu kiasi walipata nafuu kuliko waliopewa gumu sana.

#44 Binti Ilala
Bibi yangu ana miaka 78. Analala kwenye kitanda cha kamba, anafagia ameinama miguu imenyooka kabisa, anapalilia mchicha hivyo hivyo, na hajawahi kumeza kidonge cha kiuno. Nyonga zake zinakunjika kama bawaba. Mimi nina miaka 26, nikifagia chumba kimoja naita Mungu. Nadhani hatujadhoofika kiuno, tumekakamaa nyonga kwa kukaa.

#45 Mbeba Magunia
Huyu binti amesema kitu. Fizio, ulisema tatizo langu ni kutopumzika, nikajaribu kupumzika siku 2 kwa wiki. Kiuno kimepungua. Mfuko pia umepungua.

#46 Fizio Kijana
Kaka, najua. Siwezi kukwambia uache kazi. Jaribu siku 1 ya kupumzika, na siku za kazi badilisha bega, gunia la kwanza kulia, la pili kushoto.

#47 Fundi wa Tandika
Wakuu, wiki ya 9 leo. Niliahidi kurudi.

Wiki ya kwanza niliweza kuinua mkono tu, mguu ukiinuka natetemeka. Kikombe kilianguka kila mara, mkeka ukalowa nikahamia na gazeti chini. Wiki ya 4 nikaweza mkono na mguu kwa pamoja, hesabu mpaka 6. Sasa nafika 10, pande zote mbili. Nafanya jioni nikishafunga mashine, dakika 15. Nikiwa kazini kila nikimaliza shati moja nasimama, naweka mikono kiunoni, najinyoosha nyuma mara 5 kama Mzee wa Upanga. Naenda sokoni kwa miguu. Godoro nimeligeuza.

Jana bobini ikaanguka tena. Safari hii nilishika ukingo wa meza kwa mkono mmoja, nikaegemea mbele kwa nyonga, mguu mmoja ukainuka nyuma wenyewe bila kuufikiria, nikaiokota, nikarudi juu. Nilikaa kidogo nimeishika mkononi kabla ya kuirudisha kwenye mashine.

Haijaisha yote. Nikikaa zaidi ya saa moja bado kinanikumbusha.

#48 Mzee wa Upanga
Kujinyoosha nyuma, nilisema.

#49 Shuka Jeupe
Godoro amelitaja mwenyewe.

#50 Dada wa Kaunta
Hongera dada. Ila msimu wa sare umekwisha pia, saa za kukaa zimepungua. Tukutane Desemba tuone.

#51 Konda Mstaafu
Sokoni kwa miguu!

#52 Mama Wawili
Hongera mwenzangu. Vidole tumboni vinazama vingapi sasa?

#53 Fundi wa Tandika
Kimoja na nusu. Wewe?

#54 Mama Wawili
Vitatu. Nimeanza jana.

#55 Kivuko Asubuhi
Fundi, kile kikombe unajaza maji au nusu?

#56 Fundi wa Tandika
Nusu. Mwanangu mdogo ndiye anakiweka na kuhesabu. Akifika 7 anarukia 9, kwa hiyo nimemwambia aanze upya kila akiruka.